Namna ya Kuchagua Huduma ya Msaada wa Barabarani kwa Gari-Nyumba

Huduma ya msaada wa barabarani huuzwa kwa ahadi zinazofanana karibu kila mahali: gari litavutwa likiharibika, tairi litabadilishwa, betri itabustiwa, mafuta yataletwa, na mlango utafunguliwa ukifungia funguo ndani. Kwa mwenye gari dogo ahadi hizo zinatosha kwa kiasi kikubwa, kwa sababu karibu kila gari la kuvuta linaweza kulibeba gari lake na karibu kila gereji ina nafasi ya kuliingiza. Mwenye gari-nyumba hana uhakika huo. Gari lake linaweza kuwa zito kama lori, refu kama basi na pana kuliko jukwaa la kulibebea, na ndani yake kuna mitungi ya gesi, matangi ya maji na mali ya nyumba nzima. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei, anapaswa kujua kama mtoa huduma amejifunga kwa maandishi kulihudumia gari la vipimo vyake, na kama ana njia halisi ya kulifikishia chombo kinachoweza kulivuta. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata swali hilo.

1. Pima gari kabla ya kuuliza bei

Andaa karatasi moja yenye vipimo vya gari lako. Urefu upimwe kuanzia bampa ya mbele hadi kitu cha mwisho kinachochomoza nyuma, hata kama ni rafu ya baiskeli. Kimo kipimwe pamoja na kiyoyozi, antena na paneli za sola zilizo juu ya paa. Upana uandikwe bila vioo vya pembeni na pamoja navyo, kwa kuwa mikataba hutofautiana katika hilo. Kuhusu uzito, watoa huduma wengi hutazama uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani jumla ya gari na mzigo wote ambayo mtengenezaji ameiidhinisha, bila kujali gari lina mzigo kiasi gani siku hiyo. Takwimu hiyo huandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, karibu na kiti chake au chini ya boneti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya huonekana pia kwenye kadi ya gari, katika nafasi za F.1 na F.2.

Sababu ya kuukazia uzito ni kwamba ndicho kikomo kinachowakosesha watu wengi huduma. Huko Ulaya vifurushi vingi vya kawaida huishia kwenye tani 3.5, uzito uleule ambao leseni ya kawaida ya daraja B imekuwa ikiishia. Magari-nyumba mawili yaliyojengwa juu ya chasisi moja ya Fiat Ducato yanaweza kufanana kwa macho, lakini moja likawa limeandikishwa kwa tani 3.5 na jingine kwa uzito mkubwa zaidi. La kwanza likapata huduma, la pili likakataliwa na mkataba uleule. Marekani tofauti ni kubwa zaidi. Kuna magari-nyumba yaliyotengenezwa kutokana na van ya kawaida, na kuna yale yaliyojengwa juu ya chasisi ya petroli ya Ford F-53, ambayo huweza kufikia pauni 26,000, yaani takribani tani 11.8, na yale ya dizeli yenye injini nyuma, ambayo huzidi hapo na kufikia urefu wa zaidi ya mita 13. Kuyaweka yote hayo chini ya jina moja la gari-nyumba ni jambo ambalo matangazo hufanya kwa urahisi, ilhali mikataba haifanyi hivyo.

Kimo nacho kina hesabu yake. Jukwaa la gari la kubebea magari huwa kiasi cha mita 1 kutoka ardhini. Gari-nyumba lenye kimo cha mita 3.2 likipandishwa juu yake linafika mita 4.2, wakati katika nchi nyingi za Ulaya kimo kinachoruhusiwa barabarani ni mita 4. Gari la namna hiyo linahitaji tela la lobedi, ambalo jukwaa lake liko chini, au livutwe huku magurudumu yake mengine yakigusa barabara. Mtu anayekuuzia huduma bila kukuuliza kimo cha gari huenda hajawahi kulazimika kumuuliza fundi wake swali hilo.

Chini ya vipimo andika pia mambo ya kiufundi: magurudumu yanayosukuma gari ni ya mbele au ya nyuma, gia boksi ni ya kawaida au ni otomatiki, injini iko mbele au nyuma, breki ni za haidroliki au za upepo, gari limekalia springi au mifuko ya hewa, matairi ni ya saizi gani, na kama gari lina jeki za kusawazisha au chumba kinachosukumwa nje ya ubavu. Kama ulilijenga mwenyewe kutokana na van ya mizigo, tazama kadi inalitambua kama nini, kwa sababu baadhi ya watoa huduma hufuata maneno ya kadi, na van ya mizigo inaweza kuhesabiwa kuwa gari la biashara.

2. Orodhesha kinga ulizo nazo tayari

Wenye magari-nyumba wengi hulipia kitu kimoja mara mbili bila kujua. Gari jipya huweza kuja na msaada wa barabarani kutoka kwa mtengenezaji wa chasisi, na hapo ni vizuri kukumbuka kwamba gari-nyumba lina watengenezaji zaidi ya mmoja: aliyetengeneza chasisi na injini, na aliyejenga nyumba juu yake. Kinga ya mtengenezaji wa chasisi huhusu injini, gia na magurudumu. Haitakusaidia kama chumba cha ubavuni kimegoma kurudi ndani au mfumo wa umeme wa nyumba umezimika. Aidha, kinga hiyo huisha kwa tarehe au kwa kilomita, chochote kitakachotangulia, na mara nyingi humalizika wakati gari linaanza kuuhitaji msaada huo kweli.

Chanzo cha pili ni bima ya gari. Kampuni nyingi za bima huuza msaada wa barabarani kama nyongeza ndogo kwenye bima kuu, kwa bei nafuu. Unafuu huo una sababu zake: kikomo cha malipo huwa kidogo, huduma mara nyingi huwa ya kurudishiwa fedha baadaye, na baadhi ya kampuni huandika kila ombi la kuvutwa katika kumbukumbu za madai yako. Uliza waziwazi kama ombi la msaada linahesabiwa kuwa dai, na kama linaweza kupandisha bima mwaka unaofuata. Kumbuka vilevile kwamba kuvutwa baada ya ajali ni jambo linaloangukia bima ya ajali katika mikataba mingi, hivyo msaada wa barabarani hautalipia hata kama umekamilika kwa kila namna nyingine.

Chanzo cha tatu ni vyama vya wenye magari. Hivi ni vya zamani sana: RAC ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1897, AAA ya Marekani mwaka 1902, ADAC ya Ujerumani mwaka 1903 na AA ya Uingereza mwaka 1905. Umri na sifa zao zisikufanye udhani kwamba kadi ya uanachama uliyoipata kwa ajili ya gari dogo inalihudumia gari-nyumba pia. AAA, kwa mfano, ni shirikisho la vilabu vya maeneo, na huduma kwa magari-nyumba huwa ni kiwango cha juu kinacholipiwa zaidi ya uanachama wa msingi, huku masharti yakitofautiana kati ya klabu na klabu. Mbali na vyama hivyo kuna kampuni zinazojishughulisha hasa na magari-nyumba, kama vile Good Sam na Coach-Net huko Marekani, ambazo zimejijenga juu ya mahitaji ya magari marefu na mazito.

3. Amua kama unamkatia mtu au gari

Kuna mikataba inayomfuata mwanachama katika gari lolote analopanda, na kuna inayolifuata gari moja lenye namba moja ya usajili, yeyote awaye anayeliendesha. Mwenye magari mawili anavutiwa na aina ya kwanza, lakini afahamu kwamba haki ya mwanachama hubaki ndani ya vipimo vya magari vilivyowekwa. Wanandoa wanaopokezana usukani wahakikishe kwamba wote wawili wametajwa, na wazazi waulize kuhusu watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Gari dogo linalovutwa nyuma ya gari-nyumba, au tela la boti, lisiachwe nje ya mazungumzo: gari-nyumba likiharibika, mtoa huduma anaweza kulichukua lenyewe tu na kukuachia hilo jingine pembeni ya barabara kuu usiku.

Wanaoishi ndani ya gari-nyumba mwaka mzima wana tatizo la pekee. Mikataba mingi imeandikwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana nyumba ya kurudi, na hivyo hutaja kumrudisha mteja nyumbani, au hutoa malazi pale tu gari linapoharibikia umbali fulani kutoka kwenye anwani yake. Asiye na anwani nyingine zaidi ya gari lake aombe maelezo ya maandishi kuhusu namna vipengele hivyo vitakavyotekelezwa kwake. Anayelikodisha gari lake kwa wengine naye awaulize mapema, maana matumizi ya kibiashara huondolewa katika mikataba mingi.

4. Soma kipengele cha kuvuta, neno kwa neno

Hapa ndipo penye uzito wa mkataba wote, na msomaji mwenye muda wa kusoma ukurasa mmoja tu asome huu. Kuna mifumo miwili ya ahadi. Wa kwanza huhesabu umbali: gari litavutwa hadi kilomita au maili kadhaa, kwenda unakotaka wewe, na kinachozidi hapo unalipia mwenyewe. Wa pili hauna kikomo cha umbali, lakini gari hupelekwa kwenye gereji iliyo karibu zaidi yenye uwezo wa kulitengeneza. Wa kwanza unakupa uhuru wa kuchagua, na unafaa katika maeneo yenye miji mingi iliyokaribiana. Wa pili unakukinga dhidi ya gharama kubwa katika maeneo ya mbali, ambako gereji ya malori inaweza kuwa umbali wa kilomita 200. Kwa anayesafiri mbali, mimi ningechagua wa pili bila kusita sana, mradi maneno yake yawe sahihi.

Maneno yenyewe ndiyo haya: tofautisha gereji iliyo karibu zaidi na gereji iliyo karibu zaidi yenye uwezo. Kama neno uwezo halimo, mtoa huduma ametimiza wajibu wake akikuacha kwenye uwanja wa fundi wa magari madogo, ambaye hana shimo la kuingia chini ya gari lako wala jeki ya kulinyanyua. Kama limo, uliza ni nani anayeamua kwamba gereji fulani ina uwezo, na nini kitatokea ikiwa gereji hiyo itasema haiwezi kulipokea gari kwa majuma matatu. Mikataba mingi hulipia kuvutwa mara moja tu kwa tatizo moja. Kuhamishwa kutoka gereji ya kwanza kwenda ya pili kunakuwa juu yako.

Baada ya hapo chunguza namna gari litakavyovutwa, kwa kuwa uharibifu mwingine hutokea wakati wa kuokolewa. Gia boksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma gari yakaendelea kuzunguka barabarani, sehemu za ndani za gia huzunguka bila mafuta ya kutosha na huweza kuungua katika safari fupi tu. Kwa sababu hiyo gari la dizeli lenye injini nyuma, linaponyanyuliwa kwa mbele, ni lazima propela yake, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli, ifunguliwe au shafti za ekseli zichomolewe kwanza. Breki za upepo nazo hujifunga zenyewe hewa inapokwisha kwenye mfumo, hivyo fundi wa kuvuta anapaswa aweze kuliongezea gari hewa kutoka kwenye gari lake au kuzifungua springi za breki kwa mkono. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele lina nafuu yake, kwani likinyanyuliwa mbele magurudumu ya nyuma huzunguka bila madhara. Lakini magari-nyumba mengi yana mkia mrefu nyuma ya ekseli ya mwisho, na mkia huo hukwaruza lami pua inapoinuliwa. Tangi la maji machafu na bomba zake ndivyo vinavyoumia kwanza.

Kutokana na hayo, muulize mtoa huduma maswali haya. Je, mkataba unalipia gari zito la kuvuta na tela la lobedi, au unalipia gari moja la kawaida na dereva mmoja? Je, unalipia kazi ya kufungua propela na kuirudisha, ambayo mafundi wa kuvuta wengi huitoza kando? Je, atakayevuta ana bima inayotosha thamani ya gari-nyumba, na akiliharibu nani atawajibika, yeye au kampuni iliyomtuma? Swali hili la mwisho huwakera wauzaji, nalo ni la lazima, kwa sababu kampuni nyingi za msaada hazimiliki magari ya kuvuta. Huwapigia makandarasi wa eneo husika, na mikataba yao hueleza kwamba makandarasi hao ni watu huru.

5. Matairi

Pancha ni tatizo dogo kwa gari dogo na ni kazi kubwa kwa gari-nyumba. Magari-nyumba mengi makubwa hayabebi tairi la spea kabisa, na hata lililo nalo haliwezi kubadilishwa na dereva pembeni ya barabara kwa jeki ya kawaida. Nati za magurudumu makubwa ya rimu ya inchi 22.5 hukazwa kwa nguvu inayozidi nyutoni-mita 600, kazi inayohitaji mashine na kipimo chake. Kwa hiyo kipengele kinachosema mteja atafungiwa tairi lake la spea hakina maana kwa asiye na spea. Unachotafuta ni kipengele kinachosema kwamba tairi litatafutwa, litaletwa na kufungwa palepale, huku wewe ukilipia tairi lenyewe na mtoa huduma akilipia safari na kazi. Wengine hulipia kuvuta hadi duka la matairi badala ya kuleta tairi. Hilo linakubalika kwa gari la wastani, ila kwa gari la tani 12 linaweza kuzigharimu pande zote mbili muda mrefu.

Andika saizi kamili, kiwango cha kubeba mzigo na tarehe ya kutengenezwa kwa kila tairi, ambayo husomeka katika tarakimu nne za mwisho za alama ya ubavuni: 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Kama gari lina magurudumu pacha nyuma, uliza endapo tairi la ndani linahesabiwa sawa na la nje.

6. Betri, mafuta na funguo

Vipengele hivi karibu kila mtoa huduma anavyo na havistahili kuamua uchaguzi. Angalia mambo matatu tu. Gari-nyumba huwa na betri ya injini na betri za nyumba, na kubusti betri humaanisha ile ya injini pekee. Mafuta yanayoletwa huwa lita chache, ambazo kwa injini kubwa zinatosha kufika kituo cha karibu na si zaidi. Kufunguliwa mlango kunaweza kuhusu mlango wa dereva, ilhali magari-nyumba mengine yana mlango mmoja tu, ule wa nyumba, wenye kitasa cha aina nyingine.

7. Kukwama, na mafundi wanaokuja ulipo

Magari-nyumba huegeshwa kwenye nyasi, mchanga na udongo, na mvua ya usiku mmoja inatosha kuyazamisha. Kipengele cha kuvutwa kwa winchi kwa kawaida huweka masharti: gari liwe karibu na barabara inayopitika na kutunzwa, kazi ifanywe na gari moja na mtu mmoja, ndani ya muda fulani. Gari zito lililozama hadi ekseli linaweza kuhitaji magari mawili. Kama unapenda kuegesha porini, nje ya kambi rasmi, kipengele hiki kina thamani kwako kuliko vyote isipokuwa kile cha kuvuta, na ni afadhali kulipia mkataba wa juu kuliko kujadiliana bei na mwenye winchi ukiwa umekwama.

Kuna matatizo ambayo hayahitaji kuvutwa kabisa. Jeki za kusawazisha zikigoma kupanda, gari haliwezi kuendeshwa na wala halipaswi kuvutwa. Chumba cha ubavuni kikikataa kurudi, gari linazidi upana unaoruhusiwa barabarani. Kinachohitajika hapo ni fundi wa simu atakayekuongoza hatua kwa hatua, au fundi atakayekuja mpaka ulipo. Tazama kama mkataba una huduma hizo mbili. Kwa fundi anayekuja, kwa kawaida mtoa huduma hulipia safari yake au saa ya kwanza, na wewe unalipia kazi na vipuri. Huduma ya simu inayopokewa na mafundi wanaoyajua magari-nyumba ni bidhaa isiyotangazwa sana, lakini huenda ukaitumia mara nyingi kuliko gari la kuvuta.

8. Mipaka ya nchi, malazi na kurudishwa

Andika nchi zote utakazopita na uzilinganishe na orodha iliyo kwenye mkataba, bila kukisia. Baadhi ya mikataba ya kuvuka mipaka huweka kikomo cha umri wa gari, na pia idadi ya siku za safari moja, jambo linalowagusa wastaafu wanaokaa miezi kadhaa katika nchi zenye joto. Kurudishwa kwa gari nyumbani huwa na sharti kwamba gharama isizidi thamani ya gari sokoni. Gari la zamani linaweza kuachwa huko huko.

Nchi nyingine zina taratibu zake ambazo mkataba wako hauwezi kuzivuka. Katika barabara kuu za kulipia za Ufaransa, gari lililoharibika huondolewa na mafundi walioidhinishwa kwa sehemu hiyo ya barabara, wanaoitwa kupitia simu za dharura za pembeni. Mtoa huduma wako hawezi kumleta mtu wake hadi gari litolewe nje ya barabara hiyo. Bei ya kazi hiyo imepangwa na serikali kwa magari yasiyozidi tani 3.5. Mwenye gari lililo juu ya uzito huo hana kinga hiyo ya bei, hivyo aulize mapema kama atarudishiwa fedha alizotoa, na hadi kiasi gani.

Malazi na usafiri mbadala vina uzito wa pekee kwa sababu gari-nyumba likiingia gereji, kitanda chako nacho kimeingia gereji. Soma kikomo cha usiku na cha fedha, na umbali kutoka nyumbani unaohitajika ili kipengele kianze kufanya kazi. Uliza pia kuhusu mbwa au paka, kwa maana dereva wa gari la kuvuta ana haki ya kumkataa mnyama kwenye kibini yake, na kumwacha ndani ya gari linalovutwa hakuruhusiwi na watoa huduma wengi.

9. Malipo na vikomo

Kuna watoa huduma wanaomlipa mvutaji moja kwa moja, na kuna wanaokutaka ulipe kwanza kisha uwasilishe risiti. Kuvuta gari zito ni ghali kiasi cha kuifunga kadi ya benki ya mtu wa kawaida, kwa hiyo aina ya kwanza ni bora hata ikiwa na ada kubwa zaidi. Kama mkataba ni wa kurudishiwa, soma kikomo cha kila tukio. Soma pia idadi ya maombi kwa mwaka. Klabu za AAA, kwa mfano, kwa kawaida huruhusu manne. Halafu tafuta muda wa kusubiri: mikataba mingi haianzi siku unapolipa, na tatizo lililokuwepo kabla ya kujiunga halihudumiwi. Mtu anayenunua huduma akiwa tayari amekwama pembeni ya barabara atalipa ada na bado atalipia kuvutwa.

Karibu mikataba yote inahitaji upige simu kwanza na upate kibali. Ukimwita mvutaji mwenyewe, hata kwa nia njema, fedha zako zinaweza zisirudi. Pale polisi wanapoagiza gari liondolewe mara moja hali ni tofauti, na mkataba mzuri hulitaja hilo waziwazi.

10. Pima mtoa huduma kwa tukio la mfano

Ukibakiwa na watoa huduma wawili au watatu, wapigie simu Jumapili jioni kwenye namba ya dharura, si ya mauzo, na uwaeleze hali kamili: gari lina uzito fulani, urefu na kimo fulani, gia ni otomatiki, breki ni za upepo, limezimika mahali fulani unapokusudia kupita kweli. Uliza ni nani angetumwa, kutoka mji gani, akiwa na chombo gani. Anayesema kwamba ana watu kila mahali hajajibu swali. Anayekuuliza namba ya saizi ya tairi, au kama propela itafunguliwa palepale, anaijua kazi. Kisha omba kila jibu muhimu kwa barua pepe, na usome waraka wa masharti wenyewe badala ya kipeperushi, kwa kuwa ukibishana nao siku ya tatizo waraka ndio utakaotumika.

11. Andaa gari kwa siku ya kuita msaada

Weka karatasi ya vipimo, namba ya mkataba na namba ya simu ya dharura kwenye kibini, mahali anapoweza kuvipata mtu mwingine asiyekuwa wewe. Weka pia maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kuvuta, yaliyomo katika kitabu cha gari, pamoja na ndoano ya kuvutia kama gari lina ya kufungwa kwa skrubu. Jifunze kusoma mahali ulipo kwenye simu kwa viwianishi, na uwe na mazoea ya kutazama vibao vya kilomita pembeni ya barabara, kwa sababu mawasiliano hukatika hapo hapo yanapohitajika.

Gari likiharibika, watoe watu ndani na uwapeleke nyuma ya kizuizi cha barabara, kisha funga mitungi ya gesi, ndipo upige simu. Mwambie mpokeaji vipimo vya gari kabla hajakuuliza, na umtake avisome tena, kwani gari la kuvuta lisilofaa likitumwa utasubiri mara mbili. Pata namba ya kibali. Mvutaji akifika, mwonyeshe maelekezo ya kitabu, kubaliana naye sehemu za kufungia minyororo, piga picha za pande zote nne na za chini ya mkia wa gari, na usitie saini karatasi yoyote ya gharama isiyotajwa katika kibali bila kumpigia tena aliyekutumia msaada. Gari likishushwa gereji, piga picha nyingine kabla mvutaji hajaondoka, na uandike kwenye fomu yake kama propela imerudishwa au bado, ili fundi wa gereji asiliwashe gari akidhani kila kitu kimo mahali pake.